Mjomba, maji hayapindui picha

Mjomba wangu,

Salamu nyingi. Picha yako ya Daraja la Kigamboni imenifikia. Mama yako kaisambaza kwenye kundi la ukoo kabla hata wewe hujaiweka mtandaoni. Nyaya zimekaa vizuri na mwanga wa asubuhi umeuwahi. Lakini lile daraja la pili, la ndani ya maji, umelipika kwenye simu. Umekata nusu ya juu, ukaipindua, ukaibandika chini. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi wanafanya hivyo hivyo na wanapongezwa.

Nimejuaje? Tazama magari. Ulipigia ghorofani, juu ya usawa wa barabara, ndiyo maana daladala inaonekana hadi matairi. Sasa angalia kwenye "maji" yako: matairi yale yale yapo. Haiwezekani. Maji yanaliangalia daraja kutoka chini. Jicho lako likiwa mita 30 juu ya maji, taswira unayoiona ni ile ambayo ingeonekana na jicho lililo mita 30 chini ya uso wa maji, likitazama juu. Pale lilitakiwa kuonekana tumbo la daraja, zege tupu na nguzo, na daladala yako ingefichwa kabisa. Mbingu nazo umeziacha na weupe ule ule juu na chini, wakati maji hurudisha sehemu tu ya mwanga. Ukiyatazama wima kabisa hurudisha kama asilimia 2. Kadiri unavyoinama karibu na uso wake, ndivyo yanavyokuwa kioo.

Kwa hiyo shuka. Mvua ikinyesha, tafuta dimbwi, geuza simu kichwa chini ili lenzi ikaribie maji, hata ikibaki nafasi ya kidole tu. Dimbwi la mbele ya kibanda cha chipsi litakupa ghorofa zima. Watu watakushangaa, wazoee.

Halafu kuna mchoro mmoja ningependa uukodolee macho. Mwaka 1882 Édouard Manet alichora baa ya Folies-Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris. Siku hizi mchoro huo uko Courtauld, jumba la sanaa la London. Dada muuzaji anatutazama usoni, nyuma yake kioo kikubwa. Kwenye kioo, mgongo wake umesogea mno kulia, na anaongea na bwana mwenye kofia ndefu ambaye mbele yake hayupo. Tangu ulipoonyeshwa, watu wamesema Manet hajui vioo. Mwaka 2000 mtafiti Malcolm Park alijenga upya ile baa, akapiga picha, na mpangilio ukakubali, mradi kamera isogee kulia badala ya kusimama mbele ya dada. Kwa ujenzi wake, yule bwana yuko kushoto, nje ya fremu, wala haongei naye. Ni kioo kinachowakutanisha. Hicho ndicho ninachokuomba ukitafute: kioo kinachosema mpiga picha alisimama wapi. Programu yako haisemi, kwa sababu haikusimama popote.

Wasanifu majengo nao wana hadithi zao. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street, London, lilikusanya jua kwa ukuta wake wa vioo uliobonyea ndani, likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani. Sisi wa Dar tunajua joto, ila hilo lilizidi.

Ukipita Posta, usipige jengo zima la vioo. Piga jirani yake ndani yake. Utaona ghorofa limenyooka nje lakini kwenye vioo limepinda, kila kipande na mkunjo wake. Vioo vilivyopitishwa tanuruni viwe vigumu hubaki na mawimbi madogo ambayo mkono hauyasikii. Mimi nayapenda kuliko jengo lenyewe.

Ile filta ya polaraiza uliyoniomba nitakuletea. Ukiizungusha mbele ya lenzi huku ukilitazama dirisha la duka kwa mshazari, taswira ya barabara itafifia na utaona nguo za ndani ya duka. Kwenye chuma kitupu haifui dafu, kwa hiyo usinipigie simu kulalamika kuhusu bampa za magari. Na usiifunge kwenye lenzi kila wakati, utafuta kile ulichokwenda kukipiga.

Wasalimie wote nyumbani.

Mjomba wako