Nukta na mistari: barua kutoka Kisumu

Kisumu,
Jumapili jioni

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, hofu ni kwako tu. Mvua imeanza na mbu wamerudi na hasira zao zote. Mama watoto anakusalimu, na anauliza yale maziwa lala ya Njoro uliyomwahidi yamekwama wapi.

Krismasi uliniuliza mbele ya watu: "Hizo nukta na mistari umezichora miaka kumi na minane, umefika wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali lako nimerudi nalo nyumbani, ndugu yangu, na halijanitoka.

Unakumbuka usiku ule chuoni nilipokuamsha kwenye kitanda chako cha deka? Mhadhiri wetu wa hisabati alikuwa amesema kwamba ukikusanya watu sita wowote, lazima wapatikane watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake. Mimi nilibisha. Wewe ukaimaliza ukiwa bado umejifunika blanketi. Mshike mmoja, ukasema, wamebaki watano. Kati ya hao, ama anawajua watatu, ama kuna watatu asiowajua. Tuseme anawajua watatu. Wawili wao wakijuana, ukiwaongeza na yeye umepata watatu. Wasipojuana hata wawili, basi hao watatu ndio wageni tunaowatafuta. Upande wa pili vivyo hivyo. Ukageukia ukuta ukalala. Mimi sikulala.

Kazi yangu ni ile ile ya usiku ule, ila watu wameongezeka: kila mtu ni nukta, na wanaojuana nawaunganisha kwa mstari. Ukitaka wanne badala ya watatu, itabidi ukusanye watu 18. Hilo lilithibitishwa mwaka 1955. Ukitaka watano, hakuna anayejua. Jibu si chini ya 43 na halizidi 46, basi. Najua utasema nimpe kompyuta ahesabu. Watu 43 wana jozi 903. Kila jozi ama wanajuana ama hawajuani, kwa hiyo njia za kuwapanga ni nambari yenye tarakimu 272. Kompyuta zote za dunia zikeshe, hazitaimaliza kwa kuhesabu moja moja. Lazima mtu akae afikiri. (Juzi kwenye kamati ya mazishi kule Siaya tulikuwa sita, nikajikuta nawapanga watu kichwani badala ya kusikiliza bajeti ya hema. Nikatozwa mara mbili.)

Sasa nikuambie nilichowaficha siku ile. Kuna swali dogo la ukoo huu nililolishughulikia miaka miwili, peke yangu, usiku baada ya kusahihisha mitihani. Nikalitatua. Nikatuma kwa jarida moja, nikangoja miezi saba. Mhakiki akajibu kwa mistari miwili: uthibitisho ni sahihi, ila ulishachapishwa kabla hujazaliwa. Niliisoma barua pepe hiyo nikiwa stendi, matatu mbili zikaniacha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu mmoja tu wa kuongea naye angeniokoa. Mfikirie Paul Erdős, Mhungaria aliyeishi kwa sanduku la nguo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akibisha hodi kwenye nyumba za wanahisabati. Aliandika makala karibu 1,500, na walioandika naye walizidi 500. Alifariki mwaka 1996 mjini Warsaw, ana miaka 83, akiwa kwenye mkutano wa hisabati. Kwake hesabu ilikuwa ya kufanywa barazani, watu wakipokezana. Mimi nimejifungia chumbani kama mtu anayepika chakula cha wizi.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: nimefika mahali ambapo nakuhitaji. Usiniambie umesahau, kwamba wewe siku hizi ni desimali na sehemu za Gredi ya Sita. Ile usiku hukutumia chochote ambacho mtoto wa Gredi ya Sita hawezi kukifuata. Nina swali jipya, na safari hii nimetafuta kwenye makala za zamani hadi macho yakauma, sijaliona popote. Kuna hatua ya tatu inayokataa, na nahisi ni mimi nisiyeiona.

Shule zikifungwa Aprili, panda matatu ya asubuhi. Siku ya kwanza hatutagusa karatasi, tutakwenda Dunga kula ngege. Ya pili nitakuonyesha.

Wasalimie watoto, na shemeji.

Ni mimi,
wako wa deka ya juu

N.B. Maziwa lala usisahau. Mimi nitasamehe, mama watoto hatasamehe.