Barua ya wazi kwa shemeji yangu aliyemwaga gundi kwenye pointi

Shem,

Najua hii utaisoma hata kama umenibloku, maana dada ataisoma kwanza halafu atakuwekea simu mbele ya macho bila kusema neno, unamjua mwenyewe.

Salamu kwanza. Watoto hawajambo? Yule mkubwa bado anachora vichwa vya treni kwenye madaftari ya hesabu? Mwambie mjomba wake anamdai, aliahidi kunichagulia rangi ya kutu kwa ajili ya mabehewa ya mizigo ya ile reli ndogo ya mfano tunayoijenga mimi na wewe, na mpaka leo mabehewa yanang'aa kama yametoka dukani jana.

Sasa tuje kwenye yetu. Nilikaa kimya nikidhani utaanza wewe, na wewe bila shaka ulikuwa unaningoja mimi, na wakati tunangojana vumbi limekaa juu ya reli, na unajua vumbi linafanya nini, umeme unapanda kwenye treni kupitia magurudumu kwa hiyo uchafu kidogo tu kichwa kinaanza kusitasita, kinakwenda kinasimama, kinakwenda kinasimama. Nimefuta zote kwa kitambaa na alkoholi. Peke yangu, na mikono yangu haifiki kule nyuma, wewe ndiye mwenye mikono mirefu.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza na kile kichwa ulichonunua kwa mapenzi yako yote, na hakikuingia kwenye reli? Nikakueleza kwamba yetu ni HO, skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, geji (upana kati ya reli mbili) milimita 16.5, na hicho chako ni N, 1:160, geji milimita 9. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukasema basi hiki ndicho treni ya mbali, kinaonekana kidogo kwa sababu kiko mbali. Tukakiwekea kareli kake nyuma kabisa ya mlima, na kweli mtu akisimama mlangoni anaapa lile bonde lina kilomita kadhaa. Shem, hiyo mbinu wataalamu wanaitumia, wewe uliifikia kwa kukosea kununua! Nilikuwa nawasimulia watu hadithi hiyo kwa fahari.

Lakini haraka yako. Ulitaka reli ya juu ivuke ya chini baada ya kona moja tu. Nikakuambia hesabu haikubali, kwa HO unahitaji kama sentimita 7 na nusu kutoka reli ya chini hadi ya juu ili treni ipite bila kugonga, na ukipanda kwa asilimia 2 hiyo ni karibu mita 4 za kupanda tu. Ukasema tupande kwa 4. Sawa, tukajaribu, kichwa kikafika katikati ya mlima magurudumu yakawa yanazunguka palepale, na suluhisho lako likawa tupunguze mabehewa! Huo ndio ugonjwa wako, kitu kikikataa wewe unapunguza unachokitaka. Mimi nang'oa reli.

Ndiyo, nang'oa. Na watu wanaoshangaa wafanye hesabu, milimita moja kwenye skeli yetu ni karibu sentimita 9 kwenye reli ya kweli. Nani atapanda treni ya kweli akiambiwa reli imehama sentimita 9 pale kwenye kona lakini usijali, haionekani?

Haya, ile jioni.

Nilikuwa nimeondoka nikaacha pointi, zile reli zinazohamisha treni njia, za kuingilia yadi ya kupangia mabehewa hazijajaribiwa, na karatasi kubwa juu yake nimeandika USIGUSE. Kwa kalamu nyekundu. Narudi nakuta taa zote zinawaka, dada yupo, watoto umewapanga mstari, unaniambia funga macho. Nafungua, nakuta kokoto. Kati ya mataruma kokoto, ubavuni mwa reli kokoto, zimesawazishwa kwa brashi na bega la tuta limekaa vizuri kuliko bega lolote nililowahi kulaza mimi, hilo nalisema mbele ya watu wote. Na juu yake gundi, nyeupe, mbichi. Nikaenda moja kwa moja kwenye pointi, gundi imeingia katikati ya reli na zile ndimi zinazohama, nikabonyeza swichi, mota ikanguruma, ndimi hazikusogea hata unywele. Yule mdogo akapiga makofi, alidhani ndivyo inavyotakiwa kulia.

Nikachukua spachula. Dada anasema nilifoka. Mimi nasema niliongea haraka kwa sababu gundi haisubiri mtu, ikikauka pale pointi imekufa, na kama ningekaa kwanza kuwashukuru mmoja mmoja tungepoteza yadi nzima. Wewe hukujibu kitu. Ulienda nyuma ya mlima ukachukua kichwa chako cha N, sawa, ni chako, risiti ni yako, ukawaambia watoto twendeni, na mlangoni ukamwambia dada kwa sauti niliyoisikia vizuri: "Huyu hataki imalizike."

Kokoto nimesamehe zamani. Hiyo sentensi ndiyo inanikaa kooni.

Nyie wengine mnaosoma, utaratibu ni hivi. Kwanza unajaribu. Unachukua treni ndefu kuliko zote ulizonazo, unaipitisha kila mahali polepole, halafu kwa kasi, halafu unayasukuma mabehewa kinyumenyume kupitia pointi zote, kwa sababu kosa lililojificha ukienda mbele hujitokeza ukirudi nyuma. Kila kipande cha reli kinapata waya wake kutoka kwenye waya mkubwa wa chini ya ubao, usitegemee zile chuma ndogo za kuungia, leo zinapitisha umeme kesho hazipitishi. Baada ya hapo ndiyo kokoto, zikiwa kavu, unasawazisha kwa brashi laini, unanyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi izame isibaki juu, halafu unadondosha gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, unaacha usiku kucha. Kwenye pointi unakwenda mwisho kabisa, kokoto chache chache mbali na ndimi, na tone la mafuta pale zinapochezea ili gundi isishike. Mbona unayajua haya yote shem, nilikufundisha mimi, ulikuwa umeshika bomba la sindano lenye gundi na mimi nimeshika tochi! Kwa hiyo usiseme hukuambiwa.

Ulipenda sana kunitolea mfano wa John Allen, yule mjenzi maarufu wa reli za mfano wa Monterey kule California, aliyefariki Januari 1973 na siku chache baadaye moto ukaunguza sehemu kubwa ya reli yake. Wewe ulisema unaona sasa, tuendeshe treni tukiwa hai. Mimi naona kingine. Yule bwana alihama nyumba akaanza upya nyingine kubwa zaidi, na zaidi ya miaka 50 baadaye watu bado wanazikodolea macho picha zake, kwa nini, kwa sababu kila mwamba aliuhangaikia. Hata wale mapacha wa Miniatur Wunderland, yale maonyesho makubwa ya reli za mfano pale Hamburg, Ujerumani, walifungua 2001 na mpaka leo wanaongeza sehemu mpya. Kuna mtu anawaambia hawataki imalizike? (Najua utasema wao walifungua mlango watu wakaona treni zinatembea huku wanajenga. Sijakuuliza.)

Habari za huku. Gundi yako ililainika kwa maji ya moto, reli nyingi zilipona, pointi mbili ndizo zilikufa. Yadi nimeipanga upya, na ile kona ya S iliyokuwa inatuangushia mabehewa nimeikata katikati nikaweka reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa refu kuliko yote, haiangushi tena. Nimehamia dijitali pia, umeme unakaa kwenye reli muda wote na kila kichwa kina dikoda yake, kifaa kidogo cha kupokea amri, kinasikiliza namba yake, unaweza kuweka treni mbili njia moja, moja inakuja nyingine imesimama inangoja. Ungekuwepo ungezigonganisha siku ya kwanza.

Shida ni kile kitanzi cha upande wa dirisha. Kinapiga shoti. Najua sababu, treni ikizunguka ikarudi kwenye njia ileile reli ya kushoto inakutana na ya kulia, ndiyo maana kitanzi lazima kitengwe, reli zote mbili zikatwe mwanzo na mwisho, kisha kiwe na kifaa chake cha kugeuza umeme. Kifaa ninacho. Lakini kukata ulikata wewe, ukaziba mikato kwa plastiki na rangi kwa ustadi wako huo mpaka haionekani, na mchoro uko kwenye daftari lako la jalada la bluu. Nimepata mikato mitatu. Wa nne nimeutafuta kwa tochi na kwa kucha, wapi. Uko kabla ya daraja au baada? Mpe mkubwa apige picha ya huo ukurasa anitumie, hata usipotaka kuandika kitu. Au lete daftari lenyewe Jumamosi, na watoto, na kichwa chako. Kokoto za upande huo bado hazijalazwa, nimekuachia, na pointi zote nitakuwa nimeshazifunika selotepu kabla hujafika.