Kwa walimu vijana wa Historia, kabla hamjawasha projekta

Marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana simu zenu zote za wiki hizi zimeanza na shikamoo na zimeishia kwenye swali moja: mtoto wa kidato cha pili au cha tatu aoneshwe nini, asome nini, ili avielewe Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin? Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake na kujirudia kama kanda ya zamani, nawaandikia nyote.

Vita vile vilinikuta nina miaka kumi na minne, umri wa hao watoto wenu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia kwetu, siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka, na sisi wa kusini ya mto Kagera tukawa tunapokea ndugu waliofika na godoro kichwani na mbuzi mmoja. Baadaye nikaja kufundisha Historia miaka thelathini na ushei. Kwa hiyo nina niliyoyaona na nina niliyoyakosea, na haya ya pili huenda yakawafaa zaidi.

Wengi mmenitajia filamu ya The Last King of Scotland, ya mwaka 2006. Forest Whitaker alimwigiza Amin mpaka akapewa Oscar, hilo sibishi. Lakini hebu itazameni mpaka mwisho, peke yenu, mkiwa na kalamu. Kilele chake ni uwanja wa ndege wa Entebbe, wakati wa ile ndege iliyotekwa mwaka 1976. Vita vyetu vilianza miaka miwili baadaye! Utaizungusha saa mbili nzima na Kyaka huioni. Yule daktari wa Kiskoti ambaye tunaiangalia Uganda yote kwa macho yake ni mtu wa kubuni, katoka kwenye riwaya. Halafu mna ngono humo, na mna mtu anatundikwa kwa ndoano. Sijui mzazi gani wa Misenyi atakushukuru kwa kumwonesha bintiye wa miaka kumi na mitano.

Hapo nasema ninalolijua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 niliwaonesha kidato cha tatu filamu ya vita, jina siitaji, kwa deki ya kuazima, nikijiona nimewatendea wema. Baada ya dakika ishirini hivi kijana mmoja akainuka akatoka. Nikamkaripia mbele ya wenzake. Jioni mama yake mkubwa akaja nyumbani, akakaa, akanywa maji, ndipo akanieleza kwa sauti ya chini kwamba yule mtoto alivuka mpaka wa Rusumo mwaka 1994, akikimbia mauaji ya Rwanda, akiwa ameshikwa mkono na mtu asiyemjua. Darasa lile nilikuwa nalo mwaka wa pili, na sikuwahi kumuuliza mtu katoka wapi. Tangu hapo nikawa natangaza siku mbili kabla: kutakuwa na picha za namna hii, asiyetaka aje kwangu, kazi nyingine ipo, na hatahojiwa.

Ya kuonesha ipo. Mimi naipenda General Idi Amin Dada, filamu ya Kifaransa ya hali halisi aliyoipiga Barbet Schroeder mwaka 1974. Vita havimo, ni ya miaka minne kabla, ila Amin mwenyewe alikuwa akipanga kamera ione nini. Anapiga kodiani. Anaamrisha jeshi lake liigize kuteka milima ya Golan iliyoshikwa na Israeli, kwa helikopta na askari kiduchu. Watoto watacheka, waacheni wacheke, maana Amin alichekesha kweli na watu wazima wa nchi kubwa walimcheka hivyo hivyo magazetini. Kisha kinakuja kikao cha mawaziri. Anamsema waziri wa mambo ya nje, na msimulizi anatueleza kwamba wiki mbili baadaye maiti ya waziri huyo ilionekana katika mto Nile. Simamisha hapo hapo. Usifafanue. Darasa langu lilinyamaza mpaka nikasikia kuku wa nyumba za walimu. Wakishatulia, waulizeni: dakika mbili zilizopita mlikuwa mnacheka nini? Halafu waelezeni kwamba kuna vipande Amin hakuvipenda, akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda kama mateka mpaka Schroeder akavikata, na vikarudishwa alipokwisha kuanguka. Dakika kumi za filamu hiyo zinatosha kipindi kizima. Hakuna sheria inayosema filamu ikianza lazima iishe.

Upande wa vitabu, anzeni na Kiswahili chetu. Kipo Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, na upo utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita hivyo hivyo. Viliandikwa kidonda kikiwa kibichi, na kibichi hicho mkitumie. Amin wa siku zile alikuwa "nduli", kila jioni redioni, nduli, nduli. Mdogo wangu alidhani ndilo jina alilopewa na baba yake. Waulizeni wanafunzi neno kama hilo linamfanyia nini msikilizaji, na kwa nini ng'ambo ya mpaka askari wetu hao hao waliitwa bakombozi, yaani wakombozi.

Baada ya hapo ndipo mfungue War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, cha mwaka 1982. Ni waandishi wa habari waliofuatana na jeshi letu. Kiingereza chake kitawalemea watoto, kwa hiyo chagueni kurasa nne tano mtafsiri wenyewe usiku. Msichague za ushindi tu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na hilo kila mtoto atalikariri. Chagueni pia za Mbarara na Masaka, miji ambayo majeshi yetu yaliibomoa kulipiza yaliyofanywa Kagera. Mtaogopa kidogo, najua. Mimi niliruka kurasa hizo miaka kumi na moja, mpaka mwanafunzi mmoja mwenye shangazi Masaka akaniuliza mbele ya wote, nikabaki nafuta ubao uliokuwa msafi.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 wasikilizisheni, ile ya sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Ila siku hiyo hiyo wapeni kazi ya kwenda kumuuliza bibi kuhusu ile miezi 18 ya kufunga mkanda iliyofuata: sabuni ilipatikanaje, foleni ya duka la ushirika ilianza saa ngapi, nani alilala pale. Kuna mmoja aliniletea kipande cha sabuni ya magadi ambacho nyanya yake bado anajua kukipika. Kilinifundisha mimi pia.

Walio karibu na Muleba wapelekeni Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu. Asubuhi, kabla ya jua kali, na wasipewe karatasi ya maswali ya kujaza.

Nakala yangu ya Mzirai imepoteza jalada na kurasa mbili za mwisho zimeliwa na mchwa, lakini inasomeka. Anayeitaka aje aichukue mwenyewe, asimtume dereva wa bodaboda, na aandike jina kwenye daftari langu, maana ya Muhanika iliondoka hapa mwaka 2011 na hadi leo naisubiri.