Taa za angani: mwandishi aulize saa, upande na kimo

Mhariri,

Habari za "taa za ajabu" angani zimeshakuwa za kawaida magazetini, na karibu zote zina kasoro moja: hazisemi saa kamili, hazisemi upande, wala taa ilionekana kwa muda gani. Wanahojiwa mashuhuda, anaulizwa mzee wa kijiji, kisha habari inafungwa kwa alama ya kuuliza. Kwa maelezo ya namna hiyo hata aliyebobea hana pa kuanzia.

Chukua ule msururu ulionyooka kama shanga, unaopita kimya bila kuvunja mstari. Hizo ni Starlink, setilaiti za intaneti, zilizorushwa siku chache nyuma. Kampuni ya Marekani ya SpaceX ilianza kuzirusha kwa makundi Mei 2019, 60 kwa roketi moja. Zikiachiwa huwa chini na zimebanana. Wiki zikipita hupanda hadi kama kilomita 550, zikatawanyika na kufifia. Hazina taa. Kinachoonekana ni jua linalozimulika huko juu ilhali huku chini limeshatuchwa.

Ndiyo maana saa hushinda maelezo mengine yote. Karibu na ikweta jua huzama wima, na setilaiti ya kimo hicho ikipita utosini huingia kwenye kivuli cha dunia takriban saa moja na nusu baada ya machweo. Jua likizama saa 12:30 jioni, basi baada ya saa 2 usiku utosini hazionekani tena. Chini upande wa magharibi zitaendelea kuonekana kwa muda. Mambo hujirudia kinyume kabla ya macheo. Shuhuda anayesema msururu ulipita utosini saa 6 usiku ametoa habari nzito, na huyo ndiye wa kufuatwa.

Hapo mwandishi huharibu. Simu inaonyesha 19:12, yeye anaandika "saa 7:12 usiku". Msomaji ataelewa saa 1:12 ya jioni ile au saa 7 ya usiku wa manane? Kwa ya kwanza setilaiti inawezekana, kwa ya pili haiwezekani. Na anayelinganisha na ratiba za mitandaoni akumbuke kuwa nyingi hutumia saa za dunia, UTC, hivyo atoe 3: 19:12 ya Nairobi au Dar es Salaam ni 16:12.

Taa moja kali isiyomemeteka, inayovuka kutoka magharibi kwenda mashariki kwa dakika kama 6 kisha "inatoweka ghafla", mara nyingi ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita kama 400 juu, kikiingia kivulini. Ndege hupepesa, ina taa nyekundu bawa la kushoto na kijani la kulia. Kimondo huisha kwa sekunde chache. Kitu kinachoenda polepole zaidi, kikimeguka vipande vinavyofuatana njia moja kwa nusu dakika au zaidi, huenda ni mabaki ya roketi au setilaiti yanayoungua.

Sayari ya Zuhura inasumbua kuliko zote. Inang'aa mno, na ukiwa kwenye gari miti inakimbia huku yenyewe imebaki palepale, basi watu husema inawafuata. Haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo kwetu haionekani usiku wa manane. Ikionekana kuchezacheza, egemeza kichwa ukutani, ilinganishe na ncha ya bati, utazame dakika moja. Kinachocheza ni jicho, ambalo gizani halina pa kujishikiza.

Kwa walioko kando ya Ziwa Victoria au pwani, swali la kwanza ni mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa, zamani karabai, siku hizi za betri, na kutoka mlimani safu yake huonekana imening'inia juu ya upeo. Mbalamwezi ikiwa kali, wengi hawatoki.

Picha za simu nazo zinapotosha. Ukiivuta picha karibu, nukta ya mwanga ambayo lenzi haikuilenga sawasawa huvimba ikawa duara lenye mapambo, na gazeti huchapa duara hilo. Iegemeze simu kwenye jiwe, usivute, weka modi ya usiku, na paa au mti uwemo ndani ya picha. Palipo na taa ya barabarani, tikisa simu kidogo: "chombo" kikienda kinyume na taa ile, ni mwakisiko wa lenzi.

Kimo kipimwe kwa ngumi: mkono ukinyooshwa, ngumi moja ni nyuzi 10 hivi, na kutoka upeo hadi utosini ni ngumi 9. "Ngumi 3 juu ya upeo, kusini-magharibi" inatosha kabisa. "Juu kidogo ya mnazi" haifai kitu.

Kikianguka chuma, suala ni jingine. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua. Chuma cha namna hiyo kisiguswe: tangi linaweza kubaki na haidrazini, fueli yenye sumu kali. Watu wakae mbali, polisi waitwe.

Ombi letu, Mhariri: waandishi wako waulize saa, upande, kimo, muda na kama taa ilipepesa, kabla ya kuuliza iliogopesha kiasi gani. Na jibu likipatikana, lichapwe ukurasa uleule uliobeba swali, si kwenye kona ya chini wiki mbili baadaye.

Watazamaji wa anga,
Tanga