Mdogo wangu, usikubali tena kubebwa ngazini

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Kwamba ulialikwa kwenye mkutano wa haki za wanawake, ukumbi uko ghorofani, lifti hakuna, wanaume wanne wakakunyanyua na kiti chako cha magurudumu mpaka juu huku ukumbi mzima ukipiga makofi. Makofi! Na kwamba siku nzima hukugusa maji kwa kuogopa choo. Ukanyamaza usije ukaonekana huna shukrani, maana wahenga walishasema mbebwa hujikaza.

Mimi nimejikaza hivyo miaka mingi. Nimewahi kushikwa nisipotaka kushikwa, na mkono uliodai unanisaidia, na bado nikasema asante. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, wasome na wengine wanaojikaza.

Habari ya ngazi ni ya zamani. Mwaka 1995, wanawake wa dunia walipokutana Beijing kudai usawa, wenzetu wenye ulemavu ilibidi walalamike kwamba kwenye kongamano la asasi za kiraia kulikuwa na sehemu wasizoweza kufika. Na hata kwenye maandishi hatukuwamo: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, wa 1979, haututaji popote. Mpaka 1991 ndipo kamati yake ilipozitaka serikali zieleze hali zetu katika ripoti zao.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipoandaliwa, Korea Kusini ilipendekeza wanawake wawe na ibara yao. Wapo wajumbe walioona haina haja. Wanawake wenye ulemavu hawakubanduka, na ulipopitishwa Desemba 2006 ibara ya 6 ilikuwamo. Ungedhani yameisha. Mwaka 2017 na 2018 kamati inayousimamia mkataba huohuo ilikuwa na wajumbe 18, mwanamke mmoja tu! Kelele zikapigwa, na katika uchaguzi wa 2018 wakachaguliwa wanawake sita.

Nakuhesabia haya kwa sababu mkutanoni walikupa dakika tano za "ushuhuda". Wakalia, wakakushukuru, kisha wakaendelea na ajenda bila wewe. Kisa chako kina thamani, sikatai. Lakini anayewatoa watu machozi hapewi kalamu ya kuandika maazimio, na kwetu sisi maazimio ndiyo yenye uzito.

Fikiria binti mwenye ulemavu wa akili anayefungwa kizazi kwa sahihi ya mlezi wake, naye akiambiwa ni operesheni ndogo tu. Hispania, nchi iliyokuwa imeuridhia mkataba, iliendelea kuruhusu jambo hilo kwa amri ya mahakama hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2020. Ibara ya 23 inasema wazi kwamba watu wenye ulemavu, hata watoto, wabaki na uwezo wao wa kuzaa. Au mwanamke kiziwi anayekwenda polisi kushtaki ubakaji: mkalimani wa lugha ya alama hayupo, basi anaitwa ndugu wa kiume atafsiri. Je, kama ndugu huyo ndiye mshtakiwa? Asiyeona naye ataulizwa, "Ulimtambuaje?", kana kwamba sauti, harufu na jina si ushahidi. Mambo haya hayasahihishwi na huruma. Yanasahihishwa na mtu anayeyajua, akiwa amekaa pale kanuni zinapoandikwa.

Na usiseme wewe si msomi wa sheria. Huo ukumbi ulijaa wanasheria na hakuna aliyeuliza lifti iko wapi.

Sasa, huu mwaliko wa pili unaosema wamekutumia. Kabla ya kuitikia, waandikie. Waulize utaingiaje bila kubebwa, wakalimani wamewaita wangapi, nyaraka za nukta nundu kwa wasioona zitakuwapo au la, na jina lako liko upande gani wa ajenda: ushuhuda au maazimio. Wakijibu kwamba ukumbi ni uleule, waombe washuke wao, mkutano ufanyike chini. Kuna atakayenuna. Mwache anune.

Jibu lao likifika nisomee kwenye simu, hata kama ni usiku. Na choo, mdogo wangu. Usisahau kuwauliza kuhusu choo.

Dada yako