Metali ndani ya melanini

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kazi zinakwenda vizuri. Umeniuliza kwa nini nahangaika na chuma na shaba ilhali ninachosomea ni melanini, rangi ya ngozi na nywele. Swali hilo limenifurahisha sana.

Melanini nyeusi haina molekuli moja ambayo ungeichora ukasema ndiyo hii. Ni vipande vidogo, DHI na DHICA, vinavyoungana bila mpangilio maalumu, kisha vikalaliana tabaka juu ya tabaka. Pembezoni mwake kumejaa oksijeni na naitrojeni, na huko ndiko ayoni za metali, yaani atomi zenye chaji, zinakojishikiza. Kalsiamu na magnesiamu hupendelea makundi ya kaboksili, yaani kaboni iliyoshika oksijeni mbili. Chuma hung'ang'ania katekoli, yaani pete ya kaboni yenye vikundi viwili vya OH vilivyo jirani, na ayoni yake moja inaweza kushika hata vipande vitatu kwa pamoja. Hapo imeshakuwa fundo: chembe zilizokuwa zikielea mbalimbali hukusanyika na kutuama.

Shaba huwahi mapema zaidi. Kimeng'enya cha tirosinesi, kinachoanzisha kazi yote ya kutengeneza melanini, kina ayoni mbili za shaba kwenye kiini chake. Baadaye, dopakromu, kemikali ya njiani kuelekea melanini, inapojibadilisha, shaba au zinki huisukuma ielekee DHICA, ambayo ndiyo yenye kaboksili. Yaani metali inaongeza mahali ambapo metali nyingine zitakaa! Kila nikilifikiria hili nastaajabu upya.

Chukua wino wa dome, yule jamaa wa ngisi. Ukiuosha kwa EDTA, kemikali inayonasa ayoni za metali, kalsiamu na magnesiamu hutoka kwa urahisi. Chuma ni kigumu kuondoka chote. Wapo wanaoziita metali hizo uchafu wa kusafishwa kabla ya kupima. Mimi sikubaliani nao. Ukiziondoa, unachopima si kile alichokuwa nacho mnyama. Hata mawimbi ya radikali (sehemu zenye elektroni isiyo na mwenzi) tunayoyasoma kwenye EPR, kipimo kinachozitambua elektroni hizo, hubadilika: shaba huyafifisha, zinki huyaongeza.

Na jambo hili haliishii baharini. Kwenye ubongo, neuromelanini huhifadhi chuma ndani ya seli zilezile zinazokufa katika ugonjwa wa Parkinson. Chuma hicho kinapokuwa kingi mno, je, hifadhi ile bado ni kinga, au imegeuka kuwa chanzo cha madhara? Hilo ndilo ninalotaka kulifuatilia.

Niandikie unavyoona wewe, hasa kuhusu EDTA.

Wako akupendaye,
Salma