Tusimlaumu mtunzi kabla ya kusikiliza nyuzi

Mhariri,

Ukurasa wako wa sanaa ulieleza hivi karibuni kwamba muziki wa kisasa wa fidla na selo, ule wa wapigaji wawili tu, husikika kombo kwa sababu watunzi wake wanautaka hivyo. Naomba nafasi nipinge. Zipo kazi zinazotaka ukali, sikatai. Lakini mara nyingi kinachokwaruza masikio hakikuandikwa na mtunzi. Ni nyuzi nane ambazo hazikulinganishwa kwa pamoja, zikipigwa na watu wawili ambao hawajakubaliana nani amfuate nani.

Fidla ina nyuzi za noti za G, D, A na E. Selo ina C, G, D na A, na hizo tatu za mwisho ni zilezile za fidla, oktava moja chini, yaani noti za jina lilelile zenye nusu ya mitetemo. Kutoka uzi hadi uzi ni tano kamili, yaani umbali wa noti tano kwenye ngazi ya muziki, kama C hadi G, na kila mwanafunzi hufundishwa kutyuni nyuzi mbilimbili mpaka sauti itulie kabisa, isitikisike hata kidogo. Kwa anayepiga peke yake hilo halina ubaya. Wakikaa wawili ndipo kasheshe inapoanza.

Tuseme A ya selo ni mitetemo 220 kwa sekunde. Ukishuka tano safi tatu unafika kwenye C yenye mitetemo 65.2. Mwenye fidla naye, akipanda tano safi moja kutoka A yake ya 440, anafika kwenye E ya 660. Sasa ndani ya ile C nene ya selo mna E iliyojificha, hamoniki ya kumi (sauti nyembamba inayolia ndani ya noti, yenye mitetemo mara kumi ya C), nayo ni mitetemo 652 hivi. Zipigwe C na E hizo kwa pamoja, polepole, bila kidole: sauti inatetema kama mara nane kila sekunde. Hapo hakuna aliyekosea. Kila mmoja nyuzi zake ni safi. Ni hesabu inayogoma, kwani tano safi nne zikibebana hazitui kwenye tatu iliyo safi, yaani umbali wa C hadi E usiotikisika. Zinaipita kwa zaidi kidogo ya moja ya tano ya nusu toni (hatua ndogo kuliko zote kwenye piano), na sikio la msikilizaji wa kawaida linalinasa hilo hata kama hajui jina lake.

Panapokuwa na piano, piano ndiyo hakimu. Kwenye kwarteti sauti nne hufunikana. Hawa wawili hawana pa kujificha.

Dawa ni kuzipunguza tano zote kidogo sana, na mwenye masikio ndiye anayeipima, si mashine. Waanze na A moja, wote wawili. Mwenye selo ashushe D yake, akishafika pale panapotulia airudishe juu kidogo mpaka asikie wimbi moja jepesi, yaani mtikisiko mmoja wa sauti, kila sekunde mbili. G na C zifuate vivyo hivyo, ila mawimbi yake ni ya taratibu zaidi. Kati ya G na C ni wimbi moja kwa sekunde nne au tano, linahitaji subira na upinde mrefu usiogandamizwa. Kwenye fidla, D na A zitoe wimbi moja kwa sekunde, na E ishushwe mpaka A na E zitoe mawimbi matatu kila sekunde mbili. Halafu linakuja jambo ambalo wengi hulisahau: G ya fidla ipimwe kwa G ya selo, isipimwe kwa D ya fidla peke yake. Mwisho kabisa wapige C na E pamoja. Mtikisiko utakuwa umeshuka kutoka mara nane hadi kama tano. Hauishi, lakini unavumilika, na uliosalia unamalizwa na kidole: E ndefu juu ya C ya selo isipigwe kwenye uzi mtupu. Ipigwe kwa kidole cha nne kwenye uzi wa A, ishushwe kidogo.

Ndiyo maana nasikitika kazi ya Ravel, mtunzi wa Ufaransa, inapoitwa ngumu kusikiliza. Sonata yake ya fidla na selo, iliyokamilika 1922 na kutolewa kwa kumbukumbu ya mtunzi mwenzake Debussy, inaanza kwa fidla kuchezea A ndogo (minor) na A kubwa (major) kwa zamu, C ya kawaida hapa, C iliyopandishwa pale. Hiyo nusu toni ndiyo habari yenyewe. C ikiwa juu kidogo na C iliyopandishwa ikiwa chini kidogo, mambo mawili yanakuwa moja lisiloeleweka, kisha lawama anabebeshwa Ravel. Tena selo humo hupandishwa mpaka inakutana na fidla kwenye eneo lake, sauti mbili zikisuguana kwa karibu. Hapo wakubaliane kuhusu kutikisa kidole. Mmoja akitikisa kwa upana na mwenzake akitulia, noti moja inasikika mbili. Wote watulie, au wote watikise kwa wembamba.

Mtihani mkubwa zaidi uko kwenye hamoniki, zile sauti za filimbi zinazotoka uzi ukiguswa tu bila kubanwa. Mtunzi Sofia Gubaidulina aliandika sonata ya ala hizi mbili mwaka 1981, na kuvuka kutoka sauti ya kawaida kwenda hamoniki ndiyo roho yake. Hamoniki ya asili haibembelezeki. Gusa uzi wa A wa selo penye moja ya tano ya urefu wake, karibu sentimita 14 kutoka kichwani mwa shingo, nao utakupa C iliyopandishwa yenye mitetemo 1100 kamili. Fidla ikiitafuta noti hiyohiyo mahali ilipozoea kuipata kwenye mizani ya piano, inatoa kama 1109. Tofauti ya tisa kwa sekunde! Aliyegusa hamoniki hawezi kusogea, kwa hiyo aliyebana kwa kidole ndiye anayepaswa kumfuata. Waandike kwa penseli juu ya noti, kila mahali, nani ni nguzo na nani anasogea. Wasiliache mpaka siku ya onyesho.

Kwa watunzi chipukizi wanaoandikia ala hizi, neno moja kuhusu mikono. Hamoniki ya kutengeneza, ambapo kidole kimoja kinabana na kingine kinagusa nne ya juu (noti ya nne kuhesabu kutoka ile iliyobanwa), hutoa sauti ya oktava mbili juu ya noti iliyobanwa. Kwenye fidla, chini kabisa ya shingo, vidole hivyo vinaachana kwa sentimita nane hivi. Kwenye selo, ambayo uzi wake ni kama sentimita 69, ni zaidi ya 15, na inabidi dole gumba lipande juu ya nyuzi ndipo kiganja kifike. Kumtaka mpigaji atoke kwenye mlio wa kawaida aingie humo ndani ya robo ya pigo ni kumtafutia aibu. Mpe kituo, au mpe uzi mtupu wa kupumulia.

Kukaa nako kuna maana. Matundu ya sauti ya fidla yaelekee wasikilizaji, kwa hiyo mwenye fidla awe upande wa kushoto wa hadhira. Akihamia kulia, mlio unaelekea ukutani nyuma, naye atagandamiza upinde kufidia, na kugandamiza kunavuruga tyuni upya.

Wapigaji nao wasione haya kutyuni katikati ya onyesho. Nyuzi za chuma hulegea kwa joto la taa, na kudonoa kwa nguvu mpaka uzi ulie kwenye ubao, jambo ambalo kazi mpya hulipenda, huutoa uzi mahali pake. Nusu dakika kati ya sehemu mbili inatosha. Mwandishi wako wa sanaa akihudhuria tena, namwomba asikilize nusu dakika hiyo kwa makini kama anavyosikiliza muziki wenyewe, aone kama wanapimana wao kwa wao au kila mtu anajipima peke yake. Kisha aandike alichosikia.

Msomaji wako,
Mwalimu wa ala za nyuzi